Cherehani Iliyoshuka Kilimani

Izigo, Muleba
12 Agosti 2024

Shamsa, munywani wange,

Umekufa? Kama umekufa, mwambie dada yako Sumaiya aniandikie nije nikulilie. Kama hujafa, basi adabu imekuishia. Wiki ya tatu hii tangu nitoke kwa mwanangu Rwekaza huko Bukoba nirudi nyumbani, simu yako haipatikani na barua hakuna. Na mimi nilikufundisha kuandika barua miezi mitano mizima, nimelala kitandani na nyonga iliyovunjika! Tarehe juu kulia, salamu, jambo lenyewe, kuaga, saini. Au umeshasahau?

Nyonga inaendelea vizuri. Natembea na fimbo mpaka kwenye migomba ya nyuma na kurudi. Yale mazoezi uliyokuwa ukinilazimisha nayafanya kila asubuhi, na kila asubuhi nakutukana kwa Kihaya, kwa hiyo ujue unakumbukwa. Hapa hakuna wa kunitania. Wanajumuiya wanakuja, tunasali rozari, wananiita Mama Mwenyekiti, wanaondoka.

Cherehani inasemaje? Niliposema ukaichukue stoo kwa Rwekaza nilitaka uishonee, si uipanguse vumbi. Nataka gauni la Krismasi, kitenge kile cha kijani, mikono mirefu, kiunoni lisinibane. Siku ya tatu tangu nifike, mkwe wangu Evelyne alinipigia simu kuuliza habari za hiyo cherehani. Anapenda kuuliza, yule. Nikamjibu kwa mkato, tukaingia habari nyingine.

Usisahau tulichofanya siku ile ya mwisho. Tunda moja la kahawa, punje mbili, moja yako moja yangu. Ulikunja uso ukasema chungu. Kwetu ule ni omukago, Shamsa, ni kiapo cha udugu, ndiyo maana nakuita munywani. Chakula changu ni chako, nyumba yangu ni yako, hata watoto wangu ni wanao. Rwekaza sasa ni mwanao, ingawa amekuzidi umri na tumbo. Akikosa adabu, mchape, nimekuruhusu.

Jibu lako mpe kondakta wa basi la Muleba, aliache dukani kwa Celina pale kituoni.

Mwalimu wako,
Edvina Karugendo


Bukoba
24 Agosti 2024

Mama Mwalimu, shikamoo.

Sijafa. Barua yako Sumaiya aliniletea Jumamosi. Wenzangu ninaokaa nao walitaka niwasomee kwa sauti. Nilipofika pale unaponitukana kwa Kihaya walicheka mpaka tukaambiwa tunyamaze.

Kwa sasa niko kwenye kazi nyingine, mbali kidogo na nyumbani. Tunafua na kumwagilia mchicha. Simu sina, iliharibika. Wanangu wako kwa Sumaiya. Cherehani yako ipo salama, imefungiwa kwa kufuli, ila gauni litachelewa, usinikasirikie.

Nina maswali mawili ya mwanafunzi. La kwanza, Evelyne alipokupigia, ulimjibu nini hasa? La pili ni kuhusu omukago. Aliyeapa na mwenzake anaruhusiwa kumpelekea shida iliyotoka ndani ya nyumba ya huyo huyo mwenzake? Marehemu mama alikuwa akisema walioapa hawagombanishi nyumba, na anayethubutu anavimba tumbo. Sisi ukoo wa baba ni watu wa Bagamoyo waliohamia hapa, mambo haya siyajui vizuri, na sitaki kukosea.

Tarehe nimeweka juu kulia.

Mwanafunzi wako,
Shamsa Saburi


Bukoba, siku hiyo hiyo

Mama Edvina,

Mimi ni Sumaiya, yule muuza dagaa, dada yake Shamsa. Amenipa barua yako niipeleke kwenye basi. Nimeifungua nikaisoma, Mungu anisamehe, na karatasi hii nimeitia mwenyewe bila yeye kujua.

Anakudanganya. Hayuko kazini, yuko mahabusu gerezani tangu tarehe 23 Julai. Wewe uliondoka, siku ya tatu yake yeye akaenda kuichukua cherehani. Dada wa kazi akamfungulia stoo, akatoka nayo getini saa nne asubuhi, kichwani, kila mtu anaona. Akafika pale kwenye kizuizi cha walinzi wa kilimani. Wakamuuliza, wewe wa bondeni, mzigo huo unatoka wapi? Akasema amepewa na mama yake Rwekaza. Wakampigia Evelyne kazini. Evelyne akakupigia wewe, halafu akawapigia tena akawaambia mama amesema hajampa mtu kitu. Basi. Kilimani kulishaibiwa mara tatu mwezi ule na kamati ilikuwa inatafuta mtu wa kumwonyesha polisi. Wamempata.

Dhamana hakimu aliitoa siku ile ile. Wadhamini wawili, barua ya mtendaji, mali isiyohamishika. Mama, huku bondeni sote ni wapangaji! Nimebisha hodi nyumba ishirini na mbili sijapata mwenye hati. Mali yetu yote inahamishika, mvua ikinyesha sana tunaihamisha wenyewe.

Yeye anasema hataki kukutia kwenye ugomvi na mwanao. Mimi sijala kahawa na mtu. Nakuuliza wewe mtu mzima: ulisema hukumpa?

Sumaiya Saburi


Izigo
29 Agosti 2024

Shamsa,

Nilisema.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi na neno gumu ni hilo moja. Evelyne aliniuliza, "Mama, ile cherehani umempa mtu?" Nikamjibu, "Nimpe nani? Ipo stoo." Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno.

Siku ile wanajumuiya kumi na mmoja walikuwa sebuleni kwangu, wamekuja kunipa pole ya nyonga. Nikaona nikisema nimekupa wewe, Evelyne ataniuliza kwa nini, nami sijui kunong'ona kwenye simu. Ningeanzaje mbele yao? Kwamba mimi Mama Mwenyekiti nimekula omukago, kitu ambacho padri anakiita upagani kila Kwaresima, tena nimekula na Mwislamu anayefua nguo kwa mwanangu? Niliona haya, Shamsa. Nilikuonea haya wewe uliyeniogesha. Nikajiambia ni uongo mdogo, nitausahihisha Krismasi. Evelyne hakuniambia kuna mtu ameshikwa, na mimi sikumuuliza kwa nini anauliza. Mwalimu wa miaka thelathini na nne, sikuuliza swali moja.

Sasa nakujibu la omukago. Marehemu mama yako alichanganya. Anayevimba tumbo ni yule anayemficha mwenzake shida yake, na yule anayemkana mwenzake. Wewe umefanya kosa la kwanza, mimi nimefanya la pili, na langu ni kubwa kuliko lako mara mia. Nyanya yangu aliapa na mwanamke mmoja wa huku huku Ihangiro. Wakati wa njaa yule mwanamke alimjia usiku akapiga mlango kwa mguu. Hakubisha hodi, alipiga teke! Ndivyo ulivyotakiwa unifanyie mimi.

Nitakuja kusema mahakamani. Nimempa kondakta ndizi za Sumaiya na watoto.

Sistahili leo kutia saini ya mwalimu.
Edvina


Bukoba, mahabusu
5 Septemba 2024

Mama Mwalimu,

Salamu nitaweka mwisho nikiweza.

Ulitaka nipige teke mlango, haya napiga. Nimekasirika! Nilijua tangu barua yako ya kwanza, pale uliposema umemjibu kwa mkato. Nilijua, nikajiambia labda kuna namna nyingine ya kuelewa, nikaja kukuuliza kwa adabu. Siku arobaini na nne nalala mkekani katikati ya wanawake wawili kwa sababu wewe uliona haya mbele ya rozari. Mwanangu mdogo yuko darasa la tatu na mimi sipo. Shuleni wanamwita mtoto wa mwizi. Ulinifundisha kuandika, sasa soma.

Na nikuambie kinachoniuma zaidi. Mwezi wa tano, ukiwa bado kitandani, Protase, kijana wa jirani yenu, aliingia sebuleni kwa Rwekaza akatoa televisheni. Walimkuta nayo mikononi. Mimi nilikuwa pale nakukanda mguu, tulisikia wote wawili. Baba yake alikuja, chai ikachemshwa na mimi, nikaipeleka na mimi. Rwekaza akasema, kijana ana maisha mbele yake, tusimharibie. Yakaisha. Leo Protase yuko chuo. Humu ndani tuko kumi na tisa, na sijamkuta hata mmoja wa kilimani. Je, kule hawaibi? Wanaiba, Mama. Wao wanaishia sebuleni tu.

Ukija, useme lote. Kama utakuja kusema nusu ili mwanao asiaibike, baki huko na ndizi zako.

Shikamoo. Nimeweza.
Shamsa


Bukoba
14 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Umenikatia simu mara tatu, kwa hiyo naandika.

Jana karani wa mahakama alinieleza kwamba umeshuka Bukoba kwa basi, na fimbo, pamoja na yule Celina wa dukani, mkawasilisha barua za mtendaji wenu Gozbert, na kwamba kibanja cha marehemu baba sasa kimesimama kama dhamana ya mtu aliyeniibia. Kisha ukapanda basi ukarudi Izigo. Ulipita mita mia tatu kutoka ofisini kwangu, Mama. Hukuingia hata kunywa maji.

Nakuomba unielewe. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi. Watu wameibiwa, wana hofu, wananitazama mimi. Tukimwachia mmoja, kesho watapanda kumi. Simchukii Shamsa, alikuhudumia vizuri. Lakini wewe mwenyewe ulisema hukumpa. Sasa unataka kusimama mahakamani useme mkeo, yaani mke wangu, ni mwongo? Na hicho kiapo cha kahawa, watu wataanza kusema mama yake Rwekaza amerudi kwenye mizimu.

Na kuna jambo sikuwahi kukuambia. Ile cherehani ndiyo iliyonisomesha. Nilikuwa nalala nikiisikia, naamka nikiisikia. Nilitaka kuitengenezea meza ya kioo niiweke sebuleni. Uliwezaje kuitoa bila hata kuniuliza?

Mwanao,
Rwekaza


Izigo
17 Septemba 2024

Rwekaza mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeona machozi yamekuharakisha mpaka ukaniandikia "mkeo" mimi. Nimekusamehe, hata wanafunzi wangu wazuri walikosea wakiwa na uchungu.

Sitasema Evelyne ni mwongo. Evelyne alisema alichoambiwa. Mwongo ni mimi, na hilo ndilo nitakalosema, mbele ya padri nikimkuta pale.

Cherehani ilikusomesha, ni kweli, na nimefurahi sana kusikia kwamba ulikuwa ukiisikia. Lakini miaka kumi na miwili umeifunika turubai stoo, Rwekaza. Shamsa ndiye aliyeifunua, akaipaka mafuta, akanishonea mto wa nyonga. Ana watoto wanne wa kusomesha. Unataka ikae kwenye kioo ikuangalie wewe unavyokula?

Unasema ukimwachia mmoja watapanda kumi. Protase ulimwachia. Walipanda kumi? Nilikuwa chumba cha pili, nilikusikia ukisema kijana ana maisha mbele yake, na nikajivunia wewe. Nilisema moyoni, huyu nimemlea. Sasa nataka unieleze Shamsa maisha yake yako upande gani.

Sikuingia kunywa maji kwa sababu ningekuona ningelainika. Kesi itasikilizwa tarehe 10 Oktoba. Njoo ukae mbele.

Mama yako


Bukoba, nyumbani
12 Oktoba 2024

Munywani wange,

Umeona nilivyokuita? Sumaiya amesema Kihaya changu ni cha kituo cha basi.

Uliondoka mahakamani bila kuniaga. Nilikutafuta mpaka kwenye vibanda vya chai, wakaniambia bibi mwenye fimbo ameshapanda gari la Muleba. Basi kaa chini nikueleze ulichofanya, maana nadhani wewe hukujiona.

Ulipopanda kizimbani wale watu wa kilimani waliokaa nyuma ya Evelyne walikuwa wanachezea simu. Hakimu akakuuliza kama unataka kiti, ukasema umefundisha miaka thelathini na nne umesimama. Simu zikashuka. Ukasema, "Mkwe wangu aliniuliza, nikamdanganya. Cherehani ni yangu, nilimpa huyu mama, na niliogopa kusema kwa sababu ya majivuno."  Nilisikia feni.

Kisha yule mzee wa baraza mwenye kofia akakuinamia. "Mukaikuru, bibi yetu, tunaambiwa ulikula omukago. Ni kweli?" Watu wakacheka. Mimi nikafumba macho, nikasema sasa ataona haya tena. Ukagonga fimbo chini mpaka karani akaruka. "Ni kweli. Punje moja ya kahawa nimemeza mimi, ya pili amemeza yeye. Padri yule pale mlangoni, nitaungama kwake Jumamosi. Leo naungama kwenu." Mzee akamgeukia hakimu akamweleza polepole kwamba kwa desturi hiyo mtu haibi kwa mwenzake, maana anachukua kwake. Hakimu akaandika muda mrefu. Nilitamani kuisoma ile karatasi kuliko nilivyowahi kutamani kusoma kitu.

Halafu ukasema la Protase. Hukumtaja jina, nakushukuru, ni mtoto wa watu. Ukasema tu, televisheni ilirudishwa kwa chai, cherehani ikarudishwa kwa pingu, na nyumba ni ile ile. Ukamtazama Rwekaza, amekaa mbele kama ulivyomwambia. "Mwanangu alisema mwizi yule ana maisha mbele yake. Nauliza mahakama, huyu mama ya kwake yako nyuma?"

Hapo Sumaiya akapiga kigelegele, akatolewa nje. Anasema hajuti hata kidogo.

Evelyne alikuwa analia. Alinipita kwenye ngazi akasema, "Shamsa, sikujua." Nikamwambia, hukuuliza. Sikusema kwa ukali, ila nilisema. Mlinzi wangeweza kumtuma bondeni dakika kumi tu aulize mimi ni nani. Nimefua nguo zao miaka sita.

Hukumu ni tarehe 21 Novemba. Mbona ulikimbia?

Shamsa


Izigo
16 Oktoba 2024

Shamsa,

Nilikimbia kwa sababu sikutaka unione nikilia. Nilifika kwa Celina akanipa maji, nikanywa vikombe vitatu, nikalia, kisha nikacheka. Celina akadhani nimepata malaria.

Jumapili baada ya misa wanajumuiya walinizunguka. Nikajua sasa uenyekiti umekwisha. Mama mmoja mzee, ambaye kila mwaka anabeba bango la Bikira Maria, akanivuta pembeni akaninong'oneza: na yeye ana munywani wake huko Kamachumu, tangu mwaka 1969, na hajawahi kumwambia mtu. Wa pili akasema hivyo hivyo. Mawe, mama wee! Miaka yote hiyo tumekaa duara moja, kila mtu na punje yake tumboni, tunaogopana.

Padri amenipa malipizi ya kusali rozari saba, kwa ajili ya uongo. La kahawa hakuligusa. Alicheka kidogo, nilimwona.

Hukumu sitaweza kuja, daktari amenikataza basi miezi miwili. Utaniandikia. Andika lote.

Mwalimu wako,
Edvina


Izigo
22 Novemba 2024

Rwekaza mwanangu,

Gozbert amenipigia jana kunieleza hukumu, na mimi nimempigia Celina, na Celina amepiga kelele kituo kizima kikasikia. Kwa hiyo najua.

Nimesikia pia kwamba baada ya hukumu ulimfuata Shamsa nje ukampa mkono. Umefanya vizuri. Lakini mkono hautoshi. Cherehani polisi waliirudisha kwako, ipo stoo. Kwetu kitu cha munywani kinasindikizwa, hakitumwi. Usimpe dereva. Usiitie kwenye gari lako lile la vioo vyeusi. Utaibeba wewe, mabegani kwako, kwa miguu, kwa njia ile ile aliyopita yeye, saa nne asubuhi kama yeye, mpaka mlangoni kwake.

Ukikataa sitakulaani, mimi si mama wa hivyo. Nitakuja kuibeba mwenyewe, na fimbo yangu.

Mama yako


Bukoba, bondeni
1 Desemba 2024

Mama Mwalimu, munywani wange, shikamoo sana!

Nimechelewa kuandika kwa sababu nimekuwa nashona. Gauni lako la kijani liko tayari, mikono mirefu, kiunoni nimeacha nafasi ya ndizi za Krismasi. Sasa nakueleza lote kama ulivyoagiza.

Siku ya hukumu senene walikuwa wameanguka alfajiri, wengi ajabu. Uwanja wa mahakama ulijaa watu wanaokota, karani ana mfuko, askari ana kofia imejaa. Mimi nimeshika mkono wa Sumaiya, sioni senene wala mtu. Tukaitwa. Hakimu akasoma muda mrefu. Nikasikia: mwenye mali amethibitisha kuitoa kwa hiari yake. Nikasikia: mshtakiwa alichukua akiamini kwa nia njema kwamba ana haki, na haki hiyo alikuwa nayo. Nikasikia: wazee wa baraza wote wawili wamekubaliana. Kisha akainua macho akanitazama mimi, hakutazama karatasi, akasema, "Shamsa Saburi, mahakama inakuachia huru. Nenda nyumbani kwako."

Nikatoka nje. Bondeni nzima ilikuwa nje, Mama. Wauza dagaa, mafundi baiskeli, mama wa maandazi, mpaka wale ambao Sumaiya aliwabishia hodi wakakosa hati. Vigelegele vilipigwa hadi senene waliobaki wakaruka. Yule mzee wa baraza mwenye kofia alitoka mlango wa nyuma, akasimama, akaniambia "Kasinge waitu!" kama wanavyompongeza mtu aliyetoka vitani. Mwanangu mdogo alikuwa na sare za shule. Akawageukia wenzake akawaambia, "Huyu ndiye mama yangu," nikalia hapo hapo. Kibanja chako kiko huru pia, karani amenipa karatasi, nimeituma kwa Celina.

Sasa ya jana Jumamosi.

Saa nne kasoro nilikuwa getini kwa Rwekaza, maana aliniandikia ujumbe niende. Akatoka amevaa fulana na viatu vya mazoezi, cherehani begani. Evelyne akaja nyuma yake ameshika kifuniko cha mbao cha cherehani. Akasema, "Na mimi nasindikiza, kama huna neno." Nikamwambia twende. Tukashuka wote watatu. Mwanao alitoka jasho kabla hata ya kona ya kwanza, akabadilisha bega mara nne. Akaniuliza, "Hii wewe uliibeba kichwani mpaka chini?" Nikamwambia, ningeifikisha, mlinishusha njiani.  Mbele kidogo akasema, "Nisamehe, Shamsa." Nikamwambia nitamsamehe tukifika, abebe kwanza.

Tukafika kizuizini. Kuna mlinzi mpya, ameanza wiki iliyopita, na mwenyekiti wa kamati hajawahi kumwona kwa miguu. Anamjua gari tu! Akanyoosha fimbo. "We mzee, simama hapo. Mzigo huo unatoka wapi?"

Rwekaza akasema, "Unatoka kwangu."

"Kila mtu anasema hivyo. Una barua?"

Mama, ungemwona! Mkono wake ukaenda mfukoni, hamna kitu, simu ameiacha nyumbani. Jasho linamtoka, cherehani inamwelemea bega, watu wa bondeni wameshaanza kupanda kutazama. Sumaiya yumo, mikono kiunoni. Rwekaza akanigeukia mimi. Macho yake nikayajua, maana ndiyo niliyokuwa nayo mimi tarehe 23 Julai, mahali hapo hapo, na siku ile hapakuwa na mtu wa kumgeukia.

Ningeweza kunyamaza kidogo. Nakiri nilinyamaza, kama pumzi mbili hivi, nikazionja.

Kisha nikakumbuka barua yako ya kwanza. Nikaenda nikasimama kati yake na ile fimbo, nikamwambia mlinzi:

"Mwache apite. Huyu ni mwanangu, na mdhamini wake ni mimi."

Shamsa Saburi